Mlango wa garaje ukikataa kushuka: macho mawili madogo yanayolinda watoto, na namna ya kuyatengeneza nyumbani

Mtu anatoka kazini saa tano za usiku. Amechoka, na baridi ni kali. Anaingiza gari ndani ya garaje, anabonyeza telekomande. Mlango mkubwa unaanza kushuka, unasimama, kisha unarudi juu. Taa ya mashine iliyo kwenye dari inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika. Anabonyeza tena, mlango unarudi tena. Baada ya mara ya kumi nyumba bado iko wazi upande wa barabara, watoto wamelala ndani, na hakuna anayejua fundi wa kupigia simu saa hiyo.

Familia nyingi za Wakongomani wanaoishi Marekani zinajua hali hii. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, na katika ule wa 2023 ikapokea zaidi ya 18,000. Wengi walipita miaka mingi katika kambi za Nyarugusu nchini Tanzania, Nakivale na Kyangwali nchini Uganda, au kambi za Rwanda na Burundi. Leo Kiswahili cha Uvira, Fizi, Masisi na Rutshuru kinasikika Louisville na Lexington katika Kentucky, Boise katika Idaho, Phoenix katika Arizona, na katika miji mingine mingi. Wengine wamepanga nyumba, wengine wamekwisha kununua. Na nyumba nyingi za huko huja na garaje yenye mlango unaojifungua na kujifunga kwa umeme.

Mlango huo si kitu cha mchezo. Ule wa garaje ya magari mawili unaweza kufika kilo 100. Kinachouzuia usimkandamize mtoto aliye chini yake ni vifaa viwili vidogo, kila kimoja kinaingia katika kiganja cha mkono. Wafaransa huviita kaptere. Waswahili wengi husema tu macho. Mara nyingi mlango unapokataa kushuka, ni macho hayo yanayoukataza.

Sheria iliyozaliwa na vifo vya watoto

Macho hayo hayakuwekwa kwa ajili ya urembo. Tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilipokea taarifa za watoto karibu 60, wenye umri kati ya miaka 2 na 14, waliokufa kwa kubanwa chini ya milango ya garaje ya umeme tangu mwezi wa tatu mwaka wa 1982 hadi miaka ya 1990. Wengine walipona lakini wakabaki na majeraha makubwa ya ubongo. Walikuwa watoto wa nyumbani, wakicheza mahali wanapocheza kila siku.

Mwaka wa 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria juu ya mashine hizo. Kila mashine mpya ya nyumbani iliyotengenezwa kuanzia tarehe 1 mwezi wa kwanza 1991 ilipaswa kuurudisha mlango juu kila unapogusa kitu. Kuanzia tarehe 1 mwezi wa kwanza 1993 ikaongezwa kinga ya pili: macho ya mwanga kwenye pande mbili za mlango, au kifaa kingine kinachohisi mtu kwenye ukingo wa chini. Sababu iko wazi. Mlango unaongoja kugusa ndipo urudi unaweza kuwa umechelewa kwa mtoto mdogo. Macho yanamwona kabla hajaguswa.

Kwa hiyo mwenye nyumba akikuta mashine ya zamani isiyo na macho kabisa, ushauri wa tume ni mmoja: iondolewe, iwekwe mpya.

Namna macho yanavyofanya kazi

Jicho moja linatuma mwanga usioonekana na binadamu. Jicho la upande wa pili linaupokea. Ni kama uzi uliovutwa kutoka nguzo moja ya mlango hadi nyingine, karibu na sakafu, na haupaswi kupita sentimita 15 juu yake. Urefu huo una maana yake: uzi ukiwekwa juu zaidi, mtoto anayetambaa au aliyelala chini anapita bila kuonekana.

Mlango unaposhuka na kitu kikakata uzi huo, mashine inasimama na kuurudisha mlango juu mpaka mwisho. Na kama uzi haupo kabisa, kwa sababu jicho limechafuka, limepinda au waya imekatika, mashine inafanya kana kwamba kuna mtu chini. Haitabahatisha. Ndiyo sababu ugonjwa wa macho unatambulika kirahisi: mlango unapanda vizuri, lakini haushuki.

Kuna alama nyingine ya kuthibitisha. Mtu akienda kwenye kitufe cha ukutani, akakishikilia bila kukiachilia, mlango unashuka mpaka chini. Telekomande haiwezi kufanya hivyo. Watengenezaji waliacha njia hiyo ili mtu afunge nyumba akiwa amesimama hapo hapo na kuutazama mlango kwa macho yake mwenyewe. Kwa usiku ule wa baridi, hilo linatosha ili familia ilale. Lakini ni dawa ya usiku mmoja, si ya mwezi mzima.

Kabla ya kununua kitu

Mara nyingi tatizo halihitaji hata dola moja. Kazi inaanza kwa kutazama chini. Ufagio ulioegemea, baiskeli ya mtoto, sanduku la kartoni, majani makavu, theluji iliyoingia na gari: kimoja kati ya hivyo kinatosha kukata mwanga. Baada ya hapo kioo cha kila jicho kinapanguswa kwa kitambaa laini na kikavu. Buibui wanapenda pembe hizo, na utando wao tu unaweza kusimamisha mlango wote.

Kisha zinatazamwa taa ndogo zilizo juu ya macho. Kwenye mashine za Chamberlain na LiftMaster, ambazo ziko katika nyumba nyingi, jicho linalotuma lina taa ya rangi ya njano inayokaribia machungwa, na jicho linalopokea lina taa ya kijani. Zote mbili zinapaswa kuwaka bila kutetemeka. Taa za jicho zinasema hivi:

Ile ya njano inawaka lakini ya kijani imezimika au inatetemeka: macho hayatazamani sawasawa, au kuna kitu katikati.

Zote mbili zimezimika: umeme haufiki, na mara nyingi ni waya iliyokatika, iliyogusana na nyingine au iliyochomoka kwenye mashine.

Moja tu imekufa kabisa, hata baada ya kupangusa na kugusa waya wake: jicho hilo lenyewe au waya yake ndiyo inayoshukiwa.

Watengenezaji wengine hutumia rangi tofauti, lakini kanuni haibadiliki: taa tulivu ni afya, taa inayotetemeka au iliyozimika ni ugonjwa.

Macho yasiyotazamana

Hili ndilo tatizo la kawaida zaidi. Mpira wa mtoto unagonga jicho, au mtu anaweka ndoo ya takataka kwa nguvu, na kile kipande cha chuma kinachobeba jicho kinapinda kidogo. Upana wa mlango wa magari mawili ni karibu mita 5. Kosa dogo upande mmoja linakuwa kubwa likifika upande wa pili.

Kuyanyosha hakuhitaji ufundi wa shule. Kila jicho limefungwa kwa kokwa yenye masikio mawili, inayolegezwa kwa vidole. Mtu anavuta uzi wa kushonea kutoka katikati ya jicho moja hadi katikati ya jingine, anahakikisha yako kwenye urefu mmoja, kisha anageuza jicho linalopokea polepole huku akitazama taa ya kijani. Ikiwaka na kutulia, kokwa inakazwa. Kukaza nako kuna hila yake: jicho hupenda kugeuka kidogo wakati wa kukaza, kwa hiyo mkono mmoja unalishika mpaka mwisho. Mwishowe mlango unafunguliwa na kufungwa mara tatu au nne, kwa sababu mtikisiko wa mashine unaweza kulirudisha jicho lilikotoka.

Wapo wanaolalamika kwamba mlango wao unakataa saa fulani tu, asubuhi au jioni, na saa nyingine unakubali. Huko adui ni jua. Likiwa chini, miale yake inaingia moja kwa moja katika jicho linalopokea na kulipofusha. Jaribio ni kusimama na kulitilia kivuli jicho hilo kwa mkono, bila kukata mstari wa mwanga. Taa ya kijani ikirudi, dawa ni mbili: kulivisha kipande cha bomba kama kofia, au kubadilishana macho, ili linalopokea lihamie upande wenye kivuli.

Waya, panya na misumari

Kutoka kila jicho waya nyembamba inapanda ukutani mpaka kwenye mashine ya dari. Umeme wake ni mdogo, lakini mashine yenyewe inakula umeme wa nyumba. Kabla ya kugusa waya yoyote, mashine inachomolewa kwenye priza. Hakuna haraka inayozidi sharti hilo.

Waya inafuatwa kwa macho na kwa vidole kutoka chini hadi juu. Panya huitafuna karibu na sakafu. Vibanio vya chuma vilivyopigwa kwa nyundo huikata ndani bila kuonyesha nje. Maji ya theluji yenye chumvi hula shaba mpaka inakuwa ya kijani. Kwenye mashine, ncha za waya zinaweza kuwa zimelegea tu na kutaka kusukumwa tena.

Lakini mtu atajuaje kama mgonjwa ni jicho au ni waya? Mafundi wana jaribio moja linalookoa pesa. Mashine ikiwa imechomolewa, macho yote mawili yanatolewa ukutani na kupelekwa karibu na mashine. Waya za zamani zinaondolewa kwenye mashine, na macho yanaungwa hapo kwa vipande vifupi vya waya mpya, yakitazamana juu ya meza au ngazi. Kisha umeme unarudishwa, bila mtu kuendesha mlango. Taa zote mbili zikiwaka, macho ni mazima, na waya ya ukutani ndiyo ya kubadilisha. Zikikataa, macho yenyewe yamekufa, au mara chache kadi ya ndani ya mashine.

Jaribio likiisha, macho yanarudi chini mahali pake. Wapo wanaoona kwamba huko juu mlango unakubali kila kitu, wakayaacha hapo hapo, yanatazamana daima kwenye dari. Wengine huyafunga pamoja kwa utepe. Mlango wa namna hiyo umerudi kuwa ule wa kabla ya 1993. Unafunga vizuri kila siku, mpaka siku mtoto atakapopita.

Kubadilisha macho

Macho mapya yanauzwa mawili mawili, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi au mtandaoni, na kwa mashine za kawaida bei yake kwa kawaida iko chini sana ya kile anachodai fundi kwa kuja nyumbani tu. Kosa linalopoteza pesa ni kununua yasiyolingana na mashine. Macho ya mtengenezaji mmoja kwa kawaida hayasikilizani na mashine ya mwingine. Namba ya aina imeandikwa kwenye mashine yenyewe, pembeni, nyuma au chini ya kifuniko cha taa. Kuipiga picha na kuionyesha dukani kunamsaidia hata yule ambaye Kiingereza chake bado ni kichanga.

Kazi yenyewe inataka turnevisi, kisu cha kumenya waya, vifuniko vya kuunganishia na karibu saa moja. Mashine inachomolewa. Picha inapigwa ya kila mahali waya inapoingia. Jicho la zamani linakatwa huku kukiachwa sentimita 15 hivi za waya ukutani, zinamenywa karibu sentimita moja, na jicho jipya linaungwa: waya nyeupe kwa nyeupe, ile yenye mstari mweusi kwa mwenzake. Kila muungano unafungwa na kifuniko chake. Mahali penye unyevu vinatumika vile vyenye mafuta mazito ndani, ili maji yasiingie.

Kama waya yote inabadilishwa, waya nyeupe za macho yote mawili zinaingia pamoja kwenye tundu moja la mashine, na zile zenye mstari mweusi pamoja kwenye tundu lingine. Kwenye Chamberlain na LiftMaster matundu hayo yana rangi: jeupe kwa waya nyeupe, la kijivu kwa zile zenye mstari. Zikigeuzwa, taa hazitawaka, na mtu atadhani amenunua kifaa kibovu.

Macho yanafungwa kwa urefu mmoja, si zaidi ya sentimita 15 kutoka sakafuni. Umeme unarudishwa, taa zinatazamwa, macho yananyoshwa.

Majaribio mawili yasiyorukwa

Kazi haijaisha mlango unapofunga. Inaisha mlango unapokataa kufunga mbele ya kizuizi.

La kwanza: mlango ukiwa unashuka, mtu anapitisha mpini wa ufagio mbele ya jicho. Mlango unapaswa kusimama na kupanda mpaka juu. Ufagio, si mguu, na kamwe si mtoto.

La pili linahusu ile kinga ya mwaka wa 1991. Ubao wenye unene wa karibu sentimita 4 unalazwa sakafuni, katikati ya mlango. Mlango ukiugusa, unapaswa kurudi juu ndani ya sekunde 2. Ukiendelea kusukuma, tatizo si macho tena bali ni nguvu ya mashine, na hapo anaitwa fundi. Mlango hautumiwi kwa umeme mpaka aje. Majaribio haya yanafaa kurudiwa kila mwezi.

Kuna sehemu moja ambayo mtu wa nyumbani haigusi kabisa, hata akiwa fundi wa kuzaliwa. Ni zile springi kubwa zilizo juu ya mlango au pembeni, pamoja na nyaya za chuma zinazoshikana nazo. Ndizo zinazobeba uzito wote, na zimekazwa kwa nguvu inayoweza kuvunja mkono au kuua. Na ile kamba yenye mpini mwekundu inayoning'inia huutenganisha mlango na mashine umeme ukikatika. Inavutwa mlango ukiwa chini, kwa sababu springi ikiwa imevunjika, mlango ulio juu unaweza kuanguka wote kwa mara moja.

Kwa anayepanga, kuna neno la ziada. Vifaa vya garaje kwa kawaida ni mali ya mwenye nyumba. Kumwandikia ujumbe wenye picha na tarehe kabla ya kukata waya yoyote kunamlinda mpangaji. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kuonekana wasumbufu, kisha wanaishi miezi na mlango mbovu. Lakini kuomba kinga ya watoto si usumbufu.

Na huku nyumbani

Garaje za namna hiyo ni chache huku mashariki mwa Congo, lakini macho hayo yanazidi kuonekana. Yako kwenye milango mikubwa ya parsela inayoteleza kwa umeme, Goma, Bukavu na Lubumbashi, kwenye nyumba za wenye uwezo, hoteli na ofisi za mashirika. Hapo yamefungwa kwenye nguzo, juu kidogo kuliko yale ya garaje, kwa sababu yanaangalia magari pia. Maadui wao ni wale wale: vumbi la barabara, matope ya mvua, wadudu wanaojenga ndani ya kifuniko, na umeme unaokwenda na kurudi bila taarifa.

Na kishawishi ni kile kile. Fundi anaitwa kwa sababu mlango unakataa kufunga, anaunganisha waya mbili ili mashine idhani jicho linaona, analipwa, anaondoka. Mlango unafunga. Mwenye parsela anafurahi, na hajui kwamba kuanzia siku hiyo mlango wake hauoni tena. Njia ya kujua ni rahisi, na haihitaji fundi: mlango ukiwa unafunga, unanyoosha ufagio kati ya nguzo mbili. Usiposimama, fundi huyo arudishwe.

Kabla ya hapo, Goma kama Louisville, watoto wanahitaji kuambiwa mambo machache: telekomande si mchezo wa kuigiza, kitufe cha ukutani hakiguswi na mdogo, na hakuna mashindano ya kukimbia chini ya mlango unaoshuka ili kuona nani atapita wa mwisho. Wazazi wengi waliolelewa mahali ambapo mlango ulikuwa wa bati na kufuli hawakuwahi kuambiwa hayo na mtu. Watoto wao wanapaswa kuyasikia kutoka kwao, jioni moja, mbele ya mlango wenyewe, ufagio ukiwa mkononi.